Mashine ya kusafisha damu: inavyofanya kazi na namna ya kuishi nayo

Figo mbili zenye afya huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja na nusu hivi kama mkojo. Kazi hiyo haisimami usiku wala mchana, saa 168 kwa wiki. Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, anapata saa 12. Katika zile 156 zilizobaki maji na uchafu vinajikusanya bila wa kuvitoa. Hesabu hiyo ndiyo mzizi wa karibu kila sharti utakalopewa kwenye kitengo cha dayalisisi, yaani cha kusafishia damu: kupima uzito kila unapoingia, kupunguza chumvi, kutokata dakika. Mgonjwa anayeielewa hangoji kuamriwa. Anasoma namba zake mwenyewe na anajua lini aulize.

Ndani ya kichujio

Inayofanya kazi ya figo ni ile silinda ya plastiki iliyobanwa ubavuni mwa mashine, ambayo wengi huiita figo bandia. Mashine yenyewe, pamoja na skrini na kengele zake, inasukuma damu, inachanganya maji, inapima na kulinda. Ndani ya silinda mna nyuzi kama elfu kumi au zaidi, kila moja ikiwa na tundu katikati lenye upana wa takriban milimita 0.2. Damu hupita ndani ya nyuzi. Nje ya nyuzi hupita dayaliseti, yaani maji maalumu ya kusafishia, yakielekea upande ulio kinyume na damu. Kwa mpangilio huo damu, kila inaposogea, inakutana na maji masafi zaidi, na uchafu unaendelea kutoka mpaka mwisho wa silinda.

Kuta za nyuzi zina vitundu vidogo mno. Uchafu kama yurea na kreatinini hupenya, na madini ya potasiamu pia, ila seli za damu na protini kubwa kama albumini hazipenyi. Vitu huhama kutoka vilipo vingi kwenda vilipo vichache. Ndiyo maana dayaliseti haina yurea kabisa, ina potasiamu kidogo tu (mara nyingi 2 au 3 mmol kwa lita), na ina baikaboneti nyingi kuliko damu ya mgonjwa ili iingie mwilini kupunguza asidi. Sodiamu huwekwa karibu sawa na ile ya damu, kati ya 135 na 140.

Hiyo ni kazi ya kwanza: kutoa uchafu. Ya pili ni kutoa maji, nayo hufanywa kwa shinikizo, mashine ikiyavuta maji ya ziada kupitia kuta zilezile. Kazi hizi mbili hazilingani mwendo. Maji ya leo yanaweza kutolewa yote kabla ya muda kwisha, lakini fosforasi, ambayo sehemu kubwa imejificha ndani ya seli na mifupa, inatoka polepole kadiri saa zinavyokwenda. Kwa hiyo anayesema "maji yangu yameisha, nichomoe mapema" anaondoka na nusu ya kazi. Ukikata nusu saa kila kipindi, kwa mwaka umepoteza saa 78, ambazo ni sawa na vipindi 19 vizima vya saa nne. Hakuna dawa inayofidia hizo.

Maji yanatoka wapi, na kwa nini yanapimwa

Dayaliseti hupita kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika. Kwa saa nne hizo ni lita 120 zinazopita karibu na damu yako, zikitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Maji ya kunywa, hata yawe safi kiasi gani, hayafai. Hupitishwa kwanza kwenye vichujio vya mchanga na vya kulainisha, kisha matangi mawili ya mkaa yaliyofuatana, kisha husukumwa kwa nguvu kupitia utando unaozuia karibu chumvi zote. Mkaa ndio unaoondoa klorini na kloramini. Zikipita hizo, hupasua chembe nyekundu za damu: mgonjwa mmoja baada ya mwingine kwenye chumba kimoja anaanza kupata maumivu ya tumbo, pumzi inabana, himoglobini inashuka. Kwa hiyo klorini jumla hupimwa kabla ya kila zamu, na isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Kuuliza "maji ya leo yamepimwa?" si ukorofi, na kitengo kizuri kitakuonyesha daftari.

Utaona pia madumu mawili yakiunganishwa kwenye mashine, moja la asidi na jingine la baikaboneti. Hayachanganywi mapema kwa sababu kalsiamu iliyomo kwenye la kwanza ingegandamana na baikaboneti kuwa kitu kama chokaa na kuziba mabomba. Mashine huyachanganya na maji papo hapo, kisha hupima jinsi mchanganyiko unavyopitisha umeme. Namba inayotakiwa ni 14 hivi (milisimensi kwa sentimita). Ikitoka nje ya kiwango, mashine hulia na kuyamwaga maji hayo pembeni yasiguse kichujio. Chanzo huwa dumu limeisha, mirija imebadilishwa, au maji hayafiki sawasawa.

Kuisoma skrini

Kasi ya pampu ya damu kwa mtu mzima mwenye fistula nzuri (mshipa wa mkono uliotengenezwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano) huwa kati ya mililita 300 na 400 kwa dakika. Damu iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja haifiki hata theluthi ya lita, kwa hiyo hofu ya "damu yangu yote imo kwenye mashine" haina msingi.

Kuna shinikizo mbili za kuzifahamu. Ya upande wa kutolea damu huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa sababu pampu inavuta. Ikizidi kushuka kupita -200 au -250 (milimita za zebaki), maana yake damu haiji vya kutosha: sindano imegusa ukuta wa mshipa, mkono umekunjwa, mrija umepindika, au presha yako imeshuka. Ya upande wa kurudishia damu kwa kawaida huwa kati ya 100 na 200. Ikipanda, kuna kizuizi mbele: mrija umebanwa, damu inaanza kuganda kwenye chemba, sindano imehama, au mshipa una mahali palipobana. Jambo la kuogopa zaidi ni sindano ya kurudishia kuchomoka. Damu inamwagika sakafuni kwa kasi ya pampu, na shinikizo huenda lisishuke vya kutosha kuliza kengele. Kwa hiyo usifunike mkono wenye sindano kwa shuka, hata ukisikia baridi. Vaa koti lenye mkono uliopasuliwa, au funika mwili wote ubaki mkono wazi.

Kengele ya hewa hufunga kibano na kusimamisha pampu yenyewe. Kengele ya damu kuvuja inamaanisha nyuzi za kichujio zimepasuka na damu inaonekana kwenye dayaliseti. Usizime kengele yoyote kwa mkono wako, hata kama umeshazoea sauti zote.

Umeme ukikatika, damu iliyo kwenye mirija inaweza kurudishwa kwa kuzungusha pampu kwa mkono. Kila mashine ina mpini wake. Ni vyema ujue ulipo.

Uzito mkavu, jambo linalobeba mengine yote

Uzito mkavu ni uzito wako ukiwa huna maji ya ziada: presha inakaa vizuri, miguu haijavimba, unalala chali bila kukosa pumzi, na hukakamai misuli mwishoni mwa kipindi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tofauti kati ya uzito unaokuja nao na uzito mkavu, pamoja na takriban mililita 300 za maji ya kurudishia damu na utakachokunywa kitini, ndiyo inayowekwa kwenye mashine.

Tuchukue mtu mwenye uzito mkavu wa kilo 60. Amekuja na 62.4. Anatakiwa kutolewa lita 2.7 kwa saa nne, yaani mililita 675 kwa saa. Ukigawanya kwa kilo 60 unapata 11.25 kwa kila kilo kwa saa. Kikomo kinachokubalika na wengi ni 13, na chini ya 10 ni salama zaidi kwa moyo. Mtu huyohuyo akija na kilo 64, anahitaji kutolewa lita 4.3, karibu 18 kwa kila kilo kwa saa. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mashine inavuta maji kutoka kwenye mishipa, na maji yaliyo miguuni na kwenye mapafu yanapaswa kuingia mishipani kujaza pengo, lakini yanaingia kwa mwendo wao. Ni kama kisima kinachotekwa haraka kuliko chemchemi inavyokijaza. Presha inaporomoka huku miguu bado imevimba, na mgonjwa anadhani ametolewa maji kupita kiasi, kumbe yametolewa upesi mno. Suluhisho ni kuongeza muda (kwa hesabu hiyo, saa tano na nusu) au kuongeza kipindi cha nne wiki hiyo, na kuzuia yasijirudie.

Dalili za presha kushuka huanza ndogo: miayo isiyo na usingizi, kichefuchefu, jasho jembamba, masikio kuvuma, haja kubwa ya ghafla, msuli wa ndama kukaza. Sema papo hapo. Muuguzi atainua miguu yako, atasimamisha kuvuta maji, na pengine atarudisha mililita 100 hadi 200 za dripu ya chumvi. Ukinyamaza mpaka uzimie, muda unapotea na moyo unaumia. Mlo mkubwa wakati wa kipindi huteremsha presha vilevile, kwa sababu damu hukimbilia tumboni. Kwa mgonjwa ambaye presha yake hushuka mara kwa mara, dayaliseti iliyopozwa kidogo, nyuzijoto 36 au chini kidogo, husaidia.

Uzito mkavu haukai palepale. Ukiugua, ukakosa hamu ya kula na kupungua nyama, mizani inaweza kubaki kilo 60 ileile huku kilo mbili za nyama zimebadilishwa na kilo mbili za maji. Dalili ni presha inayopanda bila sababu, kikohozi cha usiku na kuhitaji mito zaidi. Ukianza kula vizuri na kunenepa, hutokea kinyume: unakakamaa na kuishiwa nguvu kila kipindi. Katika hali zote mbili omba uzito mkavu upangwe upya. Kwa maoni yetu upitiwe angalau kila mwezi, na mara tu baada ya kulazwa.

Chumvi kwanza, kikombe baadaye

Wengi huanza kwa kuhesabu maji na kusahau chumvi, ndipo kiu inawashinda. Gramu 9 za chumvi hushikilia lita moja ya maji mwilini. Ukila gramu 10 kwa siku, mwili utakulazimisha kunywa lita moja na zaidi kila siku mpaka uwiano urudi. Kwa siku mbili ni kilo mbili na zaidi, hata ujikaze vipi. Shusha chumvi hadi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilicho sawa kwa siku nzima pamoja na iliyomo ndani ya vyakula vya kununua, na kiu itapungua yenyewe. Mkate, vyakula vya kopo, soseji, nyama za kukausha na vikolezo vya mchemraba ndizo njia zinazopitisha chumvi nyingi bila kuonekana.

Kwa maji, kipimo cha kawaida ni mkojo wako wa siku nzima kuongeza mililita 500 hadi 750. Kusanya mkojo wa saa 24 mara moja kwa mwezi ujue unatoa kiasi gani. Chochote kinachomwagika ni maji: chai, supu, uji, barafu, tikiti. Njia nyepesi kuitumia nyumbani ni chupa: asubuhi ijaze kiasi cha siku yako, na kila unachokunywa kutoka chombo kingine, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, siku yako imeisha. Mwenye kisukari ajue pia kwamba sukari ikiwa juu, kiu haizuiliki kwa nia peke yake.

Lenga kuongezeka si zaidi ya asilimia 4 ya uzito mkavu kati ya kipindi na kipindi. Kwa kilo 60 ni kilo 2.4. Pengo refu la mwisho wa wiki ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa maji na kwa potasiamu, kwa hiyo ubane zaidi siku hizo.

Potasiamu, fosforasi, protini

Potasiamu iliyozidi inaweza kusimamisha moyo, na si lazima itoe taarifa. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0, na ikipita 6.5 ni dharura. Miguu kuwa mizito kama haina nguvu, ganzi midomoni, mapigo ya moyo kwenda polepole au kurukaruka, ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo. Ndizi, parachichi, maji ya madafu, machungwa, matunda makavu, nyanya ya kopo, viazi na maharage vina potasiamu nyingi. Si kwamba hutavila tena kabisa. Kiasi na siku ndivyo vya kupanga pamoja na mtaalamu wa lishe. Viazi na mizizi mingine imenywe, ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kwenye maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Usiyafanye mchuzi. Chumvi mbadala inayouzwa kama "isiyo na sodiamu" mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, na kwa mtu asiye na figo ni sumu. Karambola, lile tunda linalotoa umbo la nyota likikatwa, lisiguswe hata kipande. Lina sumu inayoshambulia ubongo wa mwenye figo zilizoshindwa: kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege.

Fosforasi huua kidogokidogo. Hupanda, hukutana na kalsiamu, na vyote viwili hujijenga kwenye kuta za mishipa. Mwenyewe utasikia muwasho na maumivu ya mifupa. Vidonge vya kuizuia, kama kalsiamu kaboneti au sevelama, hufanya kazi tumboni kwa kuishika iliyo kwenye chakula. Ukivimeza saa mbili baada ya kula umevipoteza. Vimeze pamoja na chakula. Soda nyeusi na vyakula vya viwandani vina fosforasi ya kuongezwa ambayo karibu yote hufyonzwa, tofauti na ile ya kwenye kunde, ambayo hufyonzwa kwa sehemu tu. Soma kibandiko: neno lolote lenye "fosfeti" ni alama.

Protini ndipo watu wengi hukwama. Kabla ya dayalisisi uliambiwa upunguze. Ukishaanza, ongeza, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa sababu kila kipindi hutoa sehemu ya virutubisho hivyo. Kwa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina 6 hivi. Mgonjwa anayeendelea kujinyima nyama, samaki na mayai kwa woga anadhoofika, na udhaifu huo humfupishia maisha kuliko yurea iliyopanda kidogo.

Fistula: mshipa unaokuweka hai

Fistula inayozungumzwa hapa ni ya mkono: daktari mpasuaji huunganisha ateri na vena, vena ikapokea damu ya nguvu, ikatanuka na kuwa ngumu vya kutosha kuchomwa. Njia hii ilielezwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao huko New York, na mpaka leo hakuna iliyoishinda kwa kudumu na kwa uchache wa maambukizi. Huchukua wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa, kwa hiyo itengenezwe kabla figo hazijafika mwisho. Ukishaambiwa kwamba huenda utahitaji dayalisisi, omba damu itolewe nyuma ya kiganja, na usiruhusu vena za mkono usioutumia sana kuchomwachomwa.

Kila asubuhi na kila jioni weka vidole juu yake. Unachotafuta ni mtetemo laini unaoendelea bila kukatika. Weka na sikio usikie mvumo. Ukikuta pigo gumu la kugonga pasipo mtetemo, mbele kuna mahali pamebana. Inua mkono juu ya kiwango cha moyo: fistula nzuri hunywea, na ikibaki imejaa, damu haipati njia ya kutoka. Mtetemo ukipotea kabisa, usingoje kipindi kijacho. Nenda siku hiyohiyo, maana bonge la damu likiwahiwa mapema fistula inaweza kuokolewa. Kutokwa damu zaidi ya dakika 20 baada ya kuchomolewa sindano, au shinikizo la kurudishia linalopanda wiki baada ya wiki, ni habari ileile kwa lugha nyingine: omba kipimo cha ultrasaundi.

Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, hauwekwi dripu, haulaliwi, haubebeshwi mkoba wa kamba wala kuvalishwa saa ya kubana. Uoshe kwa sabuni kabla ya kila kipindi. Sindano zihamishwe mahali kila mara. Kuchoma pale pale pasipouma hudhoofisha ngozi mpaka uvimbe unatokea. Uvimbe wenye ngozi nyembamba inayong'aa, au kigaga kisichopona, unaweza kupasuka wakati wowote. Hiyo nayo ni safari ya siku hiyohiyo.

Fistula ikipasuka nyumbani fanya hivi, kwa mfuatano:

1. Bonyeza kwa nguvu juu ya tundu lenyewe kwa ncha za vidole viwili, ukiwa na kitambaa kidogo kilichokunjwa. Taulo kubwa hunyonya damu bila kuizuia.
2. Inua mkono juu na ulale chini.
3. Ita msaada huku ukiendelea kubonyeza. Usifungue kuchungulia kabla ya dakika 15.
4. Hata ikikatika, nenda hospitali. Tundu lililotoboka lenyewe hutoboka tena.

Mpira wa shingoni, yaani katheta, ni wa kuvukia tu kama kuna uwezekano wa fistula. Unaingia moja kwa moja karibu na moyo, na bakteria hufuata njia hiyohiyo. Usiloweshwe. Wewe na muuguzi muvae barakoa kila unapofunguliwa, vibano vifungwe kabla kifuniko hakijatolewa, na asiutumie mtu mwingine kutoa damu wala kuweka dawa. Homa, au kutetemeka kwa baridi nusu saa baada ya kuanza kipindi, ni maambukizi ya damu mpaka ithibitike vingine. Damu ichukuliwe kupimwa kabla ya dawa.

Dawa za kuangalia

Ibuprofeni na diklofenaki ziache. Zinamaliza mkojo uliobaki, zinapandisha presha na kutoboa tumbo. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida inafaa. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu hujaa mwilini. Metformini husimamishwa. Insulini mara nyingi hupunguzwa, kwa sababu figo ndizo zilizokuwa zikiivunja, kwa hiyo sukari ikianza kushuka usiku usifurahi kwamba umepona, piga simu. Baadhi ya dawa, zikiwemo antibayotiki nyingi, huoshwa na mashine, hivyo humezwa baada ya kipindi. Vidonge vya presha vya asubuhi ya siku ya kusafisha, uliza kwa jina kila kimoja. Mizizi na majani ya dawa yasiyojulikana kipimo chake ni hatari ya potasiamu na ya ini kwa pamoja.

Himoglobini hulengwa 10 hadi 11.5 hivi, kwa sindano za erithropoietini, homoni inayochochea mwili kutengeneza damu, pamoja na madini ya chuma. Anayetarajia kupandikizwa figo aepuke kuongezewa damu pasipo ulazima, maana damu ya wengine humjengea kingamwili zitakazoikataa figo mpya. Chanjo ya homa ya ini aina B ni ya lazima, kwa kipimo kikubwa kuliko cha watu wengine, na kinga hupimwa kila mwaka.

Je, umesafishwa vya kutosha?

Kila mwezi yurea hupimwa kabla na baada. Ikiwa ilikuwa 25 na imeshuka hadi 7.5, imepungua asilimia 70. Chini ya 65 haitoshi. Kipimo kingine, Kt/V, kinacholinganisha kiasi kilichosafishwa na maji ya mwili mzima, kilenge 1.4 na kisishuke chini ya 1.2. Ikishuka, tafuta chanzo kwa utaratibu huu: muda uliokatwa, kasi ya pampu iliyopunguzwa kwa sababu ya kengele, sindano zilizokaribiana mno hata damu iliyosafishwa ikavutwa tena, kichujio kidogo au kilichoganda, fistula iliyobana. Omba nakala ya majibu yako. Baada ya miezi michache utaona mwelekeo ambao karatasi moja haiuonyeshi.

Njia ya tumbo

Wengine hawahitaji mashine ya damu. Utando wa tumbo hutumika kama kichujio: lita 2 za maji yenye sukari huingizwa kupitia mpira mwembamba, hukaa saa 4 hadi 6, hutolewa, mengine huwekwa, mara nne kwa siku. Au mashine ndogo hufanya hivyo usiku ukiwa umelala. Kinachovuta maji ni sukari, na mifuko huwa ya nguvu tofauti, ya juu ikiwa 4.25%. Usiizoee hiyo ya juu, kwa sababu huchosha utando na kupandisha kisukari. Osha mikono, ikaushe, vaa barakoa, funga dirisha na feni, usiguse ncha ya mrija. Maji yakitoka na ukungu, hata kama tumbo haliumi, chukua mfuko huo uende nao hospitali mara moja. Yakitoka machache, kabla ya kuogopa angalia kama mrija umepindika au kama una choo kigumu, maana utumbo uliojaa huubana mpira.

Siku usiyoweza kufika

Barabara hukatika, mashine huharibika, safari hutokea. Weka tayari nyumbani karatasi yenye uzito wako mkavu, aina ya kichujio, potasiamu ya dayaliseti yako, kipimo cha heparini (dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine), dawa zako zote, mzio, majibu ya homa ya ini B, C na VVU, na upande ilipo fistula. Kitengo kingine hakitakupokea kwa urahisi bila hiyo. Kwa safari, wasiliana nao wiki kadhaa mapema.

Kipindi kikikosekana, punguza vinywaji mpaka nusu lita kwa siku, acha chumvi kabisa, acha matunda na mboga zenye potasiamu, punguza nyama kwa siku hizo chache, kula wali, mkate usio na chumvi na sukari kidogo upate nguvu. Usijilaze njaa, kwa sababu mwili ukijila wenyewe unamwaga potasiamu kwenye damu. Hii hukusogeza siku mbili tatu tu. Pumzi ikibana ukilala, miguu ikiishiwa nguvu, kifua kikiuma au ukianza kuchanganyikiwa, usiendelee kuhesabu siku. Nenda kwenye hospitali yoyote yenye idara ya dharura na useme neno la kwanza mlangoni kwamba unasafishwa damu na ni lini mara ya mwisho, ili wapime moyo na potasiamu kabla ya kitu kingine.